Nimelegeza Springi za Kiti Chako

Mpendwa Baba Nekesa,

Nimekaa kwenye kiti chako. Usinune kwanza, nisikilize. Sisemi kile cha sebuleni. Kile bado kina kitambaa chake, na hakuna aliyekigusa isipokuwa paka wa jirani, ambaye hana adabu na hajui habari za msiba. Nasema kiti cha mashine ya nyasi. Leo nimekikalia, nikaiwasha, nikakata nyasi za uwanja wa kanisa, kisha nikarudi nyumbani nikaoga, na sasa nakuandikia mikono ikiwa bado inausikia usukani. Ukiona mwandiko umepinda, ujue sababu.

Barua hii naiacha wazi, asome anayetaka. Hapa mtaani Umoja maneno yametembea kuliko mimi. Wapo wanaosema uliikalia mashine yako ukakataa kushuka, na mkeo anashindana na marehemu. Nami nilisema hivyo hivyo, usiku na mchana, moyoni mwangu. Kwa hiyo wasome na wao jinsi ilivyokuwa, maana kama kuna mtu aliyeogopa katika mtaa huu, ni mimi.

Unakumbuka siku uliyoileta? Uliinunua kwenye mnada, huko upande wa pili wa mji ambako watu wana nyasi nyingi kuliko majirani. Pikapu ilisimama mbele ya geti, na watoto wa ploti nzima wakatoka kuona trekta dogo lenye kiti kimoja. Mama wa duka akakuuliza kama utatulimia sebule. Ukamjibu kwamba utaanza na duka lake. Ulikuwa na furaha kiasi kwamba ulipanda juu yake ikiwa bado ndani ya pikapu, ukakaa umenyooka, mikono kwenye usukani, nami nikasimama pale chini nikiangalia vile visu viwili vilivyojificha chini ya tumbo la mashine. Hapo hapo nikaiogopa. Sikuwahi kuacha.

Ulijua. Ulinitania kwa hilo miaka yote.

"Mama Nekesa, hii haili watu. Inakula nyasi."

"Na nyasi ziliambiwa nini?" nilikuuliza, ukacheka mpaka ukakohoa.

Ndiyo maana ukanifanya msaidizi wako. Ulisema mtu akiogopa kitu akijue, asikikimbie. Jumamosi mchana, ukishamaliza viwanja vya wiki, ulinitoa kwenye nguo zangu za mitumba ukaniita kule kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kanisa, ambako mzee wa kanisa alikuruhusu kuiweka. Kila mara ulianza na neno lile lile: "Waya wa plagi kwanza. Kabla ya mkono, waya." Uliuchomoa, ukanipa niushike mbali na plagi yake. Niliushika kwa vidole viwili, kama mkia wa panya. Hapo ndipo ulipoingiza mikono chini ya lile funiko pana la chuma linalobeba visu, ulilokuwa unaliita sinia. Ulikwangua nyasi zilizoganda, ukafungua visu, ukavinoa kwa tupa. Kila kisu ulikitundika kwenye msumari ukutani kwa tundu lake la katikati, ukarudi nyuma, ukakitazama kikilala upande mmoja.

"Huyu upande huu ameshiba," ulisema, ukapunguza tupa mbili tatu, mpaka kikatulia sawa. Nilikuuliza kuna haja gani, nyasi hazipimi mizani. Ukaniambia kisu kisichokuwa sawa kinatikisa mashine nzima, na kinachotikisika siku moja kinafunguka. Sikulala vizuri siku hiyo. Wewe ulilala ukakoroma.

Halafu matairi. Ulipima upepo kwa geji yako ya mfukoni, kila tairi, kwa sababu moja likipungua sinia linalala upande na uwanja unatoka na ngazi, kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Halafu oili, halafu filta ya hewa, ambayo uliipigapiga kwenye goti huku vumbi likiniingia mimi puani. Halafu grisi. Mwisho ulipanda kwenye kiti, ukaubonyeza mwili wako wote chini, ukasikiliza. Chini ya kile kiti kuna swichi ndogo. Uliniambia kazi yake mara moja tu, ukipangusa mikono: "Huyu ndiye mtu wa pili kazini. Anajua kama niko au siko." Nilikuwa nafikiria ugali nilioacha jikoni. Niliitika tu.

Sasa nitaandika siku ile, niimalize haraka.

Nilikuwa kwenye ua wa uwanja wa kanisa, nimetundika nguo za watoto nilizotoa sokoni Gikomba asubuhi, nikibishana na mama mmoja kuhusu sweta. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yangu. Nilishaizoea sauti hiyo hata siisikii. Kisha ikanyamaza. Nikadhani petroli imekwisha. Nikamalizana na yule mama, nikamfungia sweta lake, ndipo nikasikia watoto wakilia jina lako. Walikuwa wamekuzunguka. Ulilala ubavu kwenye nyasi ulizokuwa umezikata muda huo huo, na mashine ilikuwa hatua moja kutoka kichwani pako, kimya. Daktari alisema ni moyo. Alisema ulikuwa umeshaondoka kabla ya kufika chini. Mimi sikusikia mengi zaidi. Kilichobaki masikioni mwangu ni ule ukimya, jinsi ulivyokuja ghafla, nami nikaendelea kukunja sweta.

Tulikuzika kwenu Bungoma, vizuri, na mvua haikunyesha mpaka tulipomaliza. Siku ya kugawa vitu vyako, wazee walikaa. Koti likaenda kwa mjomba, redio ikaenda kwa Kukhu, mama yako, ambaye hajaizima tangu hapo. Walipofika kwenye mashine wakakwama, kwa sababu hakuna mzee aliyewahi kugawa kitu cha namna hiyo. Wengine wakasema ni chombo cha kazi, kibaki na mjane kilishe watoto. Kukhu akasema: "Kina kiti. Na kiti cha mwanamume aliyekufa hakikaliwi na mke wake. Amekufa akitoka kwenye kiti hicho, nyinyi mnataka kumpandisha huyu?" Baadaye wakapatana. Mashine ni yangu, ila mwanamume wa nyumba yenu akikalie kwanza, afungue njia. Wakamchagua mdogo wako Wafula.

Wafula alikuja Nairobi akiwa na shati jeupe, kama anakwenda harusini. Unamjua, yeye na wewe mlikatwa kwenye gogo moja, na nyama choma imewatendea haki nyote wawili. Alipanda, kiti kikalia chini yake kama kilivyolia chini yako, akawasha, akauzunguka uwanja akitoa jasho la woga. Hakuna kilichotokea. Akashuka, akanipa mkono, akasema, "Shemeji, njia iko wazi."

Nikapanda. Mguu kwenye breki, funguo, mashine ikawaka vizuri kabisa. Wafula akapiga makofi. Nikavuta pumzi, nikaachia breki.

Ikanyamaza.

Baba Nekesa, ukimya ule ule. Ulinijia kuanzia chini ya makalio mpaka kwenye ulimi. Nikajaribu tena. Ikawaka, nikaachia breki, kimya. Tena. Kimya. Wafula akanishusha, akapanda mwenyewe, akaenda nayo mpaka kwenye goli na kurudi bila hata kukohoa. Nikapanda mimi, kimya. Kwenye ua palikuwa na vijana wanaongoja kucheza mpira, na mmoja akasema, tena kwa sauti ya chini, ya heshima: "Buda amekataa." Mzee, yaani wewe.

Wafula naye alisema hivyo, lakini si kwa ubaya, nataka ujue. Alinitoa pembeni, macho yamemjaa maji. "Shemeji, sitaki kukutisha. Lakini umeona kwa macho yako. Mwenyewe amekataa. Mimi nimezika kaka, sitaki kuzika na wewe." Akasema atanipa muda mpaka shule zifunguliwe, kwa sababu hapo ndipo viwanja vinapotakiwa kuwa tayari, na kama bado haijanikubali ataichukua aipeleke nyumbani, na mimi na watoto tufuate. Huko kuna shamba. Huko kuna Kukhu. Hapa kutabaki nini, nguo za mitumba kwenye ua? Alikuwa anasema kweli. Wewe ndiye uliyelipia nyumba hii kwa nyasi. Nekesa yuko kidato cha tatu, anasoma vizuri, na nilijua nikiondoka Umoja naye ataondoka na shule yake.

Basi nikakaa na hofu za aina mbili, moja ya kuondoka na moja ya kupanda, na kila moja ilinisukuma kwa mwenzake.

Nilikusihi. Hukujibu. Mama wa maombi akaja na chupa yake ya mafuta ya upako, akaipaka boneti yote huku anakemea, na alipoondoka nikayapangusa kwa kitambaa, kwa sababu nilijua ungeuliza ni nani aliyeleta mafuta ya kushika vumbi karibu na filta. Nikafikiri labda hujaukataa mwili wangu, umekataa uchafu. Mashine ilikuwa haijasafishwa tangu siku ile, na bado ilikuwa na nyasi zako chini yake. Kwa hiyo nikaamua kuihudumia yote, kama ulivyokuwa ukifanya, ili usiwe na la kusema.

Sijawahi kufanya kazi kwa woga kama ule. Nilichomoa waya wa plagi, nikaufunga kwa kitambaa kwenye mguu wa mbali wa mashine, nikaenda nikarudi kuutazama tena. Nikaweka jeki, nikaweka na matofali, nikaweka na kipande cha mti juu ya matofali. Nilipoingiza mkono chini ya sinia nilifumba macho, ukiuliza kwa nini sijui, maana gizani ndiko kulikokuwa na hatari. Nyasi zile zilikuwa zimekauka zikawa ngumu kama gome. Nilizikwangua nikilia, sikuzitupa kwenye takataka, nikazimwaga chini ya ua. Nikafungua visu, nikavinoa, nikavitundika kwenye msumari wako. Kimoja kilikuwa kimeshiba upande, nikakipunguza. Nikakaza mkanda. Nikamwaga oili ya zamani, nikatia mpya, nikapiga filta kwenye goti langu. Nikapima matairi, nikapima na urefu wa sinia kutoka chini kila upande kwa rula ya Nekesa, nikazungusha nati ya kulia mpaka pande zote zikalingana. Hakuna siku umewahi kuiacha safi kuliko nilivyoiacha mimi, na nasema hivyo mbele ya kila asomaye.

Nikapanda. Ikawaka, sauti nyororo. Nikaachia breki.

Kimya.

Siku hiyo niliogopa kwelikweli. Mwanzo nilikuwa na matumaini kwamba una sababu. Sasa nilikuwa nimeondoa kila sababu niliyoijua, na iliyobaki ni moja tu, kwamba hunitaki. Nilifunga kibanda nikawa napita njia ndefu kurudi nyumbani ili nisikione. Nekesa alikuwa akiniambia, "Mum, ni mashine tu," kwa sauti ya mtoto anayejaribu kumtuliza mzazi, na hilo nalo likaniumiza.

Kilichonifumbua macho ni unga, utacheka.

Nilikuwa natoka kusaga mahindi, nimebeba mfuko mzito, na wingu limefunga. Mlinzi wa kanisa akaniita kutoka getini, kwamba wameitoa mashine nje wapate kuhifadhi viti vya hema, na mvua inakuja, niirudishe ndani. Hapakuwa na mtu wa kusukuma. Chini palikuwa na tope, sikuwa na mahali pa kuweka unga, kwa hiyo nikapanda nao, nikaupakata. Nilikuwa nataka tu kuiwasha nimwonyeshe yule mlinzi kwamba haiendi, aache kupiga kelele. Nikaachia breki, na mashine ikaondoka.

Nilipiga ukelele. Niliita jina lako, siyo la Baba Nekesa, lile la chumbani, na mlinzi akalisikia, sasa amelijua. Nilikanyaga breki nikabaki pale nimekumbatia unga, mashine inanguruma, mvua imeanza, nikisema, "Umekubali? Umekubali?" Nekesa alikuja mbio na mwavuli. Alinitazama, akatazama kiti, akatazama unga.

"Mum, achia breki."

Nikaachia. Ikatembea kidogo, nikaisimamisha.

"Sasa nipe unga. Achia tena."

Kimya.

"Shika unga, washa."

Ikawaka, ikaenda.

Mtoto wako alicheka pale kwenye mvua mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Niliona ile swichi akilini mwangu, ile uliyonitajia nikifikiria ugali. Anajua kama niko au siko. Mimi sikuwa natosha, basi. Wewe ulikuwa mwili mzima, Wafula ni mwili mzima, mimi nilikuwa mwembamba tangu mwanzo, na msiba umenikata zaidi. Kiti hakikushuka kugusa swichi, na kila nilipoachia breki mashine iliamini hakuna mtu juu yake. Hukuwahi kukataa. Hukuwahi kusema lolote.

Na hapo, Baba Nekesa, ndipo hofu kubwa iliponishika, kubwa kuliko zote, na hii sijamwambia mtu. Siku zote hizo nilipokuwa nakuogopa, nilikuwa na wewe. Ulikuwa umekasirika, lakini ulikuwepo, ukinishusha kwenye kiti kila nilipopanda. Niliporudi nyumbani na unga wangu uliolowa nilikuwa sina hata hasira zako. Nilikaa jikoni nikaogopa nyumba, vyombo, sauti ya bomba. Nilitamani mashine inikatae tena.

Muda nao ulikuwa unakwisha. Nikamleta fundi, kijana wa karakana za jua kali kutoka upande wa Gikomba, mwenye heshima zake. Alilala chini, akachungulia, akaamka anatabasamu.

"Mathe, hii ni kitu ndogo. Swichi ya kiti ndiyo inasumbua. Tunapiga direct, waya kwa waya, inasahau mambo ya kiti. Ukae, usikae, inaenda tu."

Alikuwa tayari ameshika koleo. Kila mtu hapa anaunganisha hivyo, nawe ulikuwa unalijua. Kila mashine ya mtaa ina swichi iliyokatwa mahali fulani kwa sababu ilimsumbua mtu. Nami nilikuwa karibu kusema sawa. Wafula angefika wiki hiyo, na kwa waya mmoja ningekuwa nimemaliza. Lakini nilitazama uwanjani. Watoto walikuwa wanacheza mpira, na mpira ukaenda nje, na mmoja akaufuata bila kutazama kulia wala kushoto, kama wanavyofanya wote. Kisha akilini nikawaona wale wengine, wa siku ile, waliokukimbilia ulipoanguka. Walipiga magoti kila upande wako, miguu yao ikigusa sinia. Visu vilikuwa vimesimama.

Miezi yote nimeuchukia ukimya ule, na sikuwahi kujiuliza ingekuwaje kama mashine isingenyamaza. Ingeendelea kwenda, bila mtu, katikati yao. Au juu yako.

"Weka koleo chini," nilimwambia fundi. "Hiyo swichi haiguswi."

"Sasa mathe, utabebanga unga kila siku?" Hakuwa na dharau, aliuliza kweli. Kisha akanionyesha springi mbili chini ya kiti. "Cheki, hizi zimekazwa za mtu mzito. Zikilegezwa, kiti kitashuka na wewe. Nikulegezee?"

Nilimwambia nitazilegeza mwenyewe, nikamlipa usumbufu wake.

Sikuzilegeza siku hiyo. Kesho yake nilimpigia simu Kukhu, kwa sababu niliogopa kukigeuza kiti chako kuliko nilivyoogopa visu. Nilimweleza yote, unga, springi, swichi. Redio yako ilikuwa inaimba nyuma yake. Akaipunguza sauti kidogo.

"Baba yake mumeo alipokufa," akasema, "kiti chake kilibaki pale barazani, kila mtu anakizunguka. Nikachukua msumeno, nikakata miguu, nikakifanya stuli ya kukamulia ng'ombe. Nimekikalia mpaka leo."

"Lakini mama, wewe ndiye uliyesema hakikaliwi."

"Nilisema kiti chake hakikaliwi. Sikusema kibaki chake."

Akaniuliza kama watoto wamekula, tukaagana.

Nilikwenda na spana saa za jua kali, nisiwe na kisingizio cha giza. Waya wa plagi kwanza. Nikainua kiti, nikainama. Nati zote mbili zilikuwa na alama nyekundu, mstari mdogo kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, ili ukiona mstari umevunjika ujue nati imelegea. Ilikuwa rangi yangu ya kucha, ile niliyomtuhumu Nekesa kuimaliza, mwizi wewe. Niliweka spana nikashindwa. Mstari ule ulikuwa mkono wako, na ulikuwa haujavunjika. Nilikaa chini kwenye saruji muda. Halafu nikavuta. Ya kwanza ikalia, mstari ukakatika. Nikazungusha, nikakaa, nikashuka, nikazungusha tena, mpaka kiti kikashuka nami chini, taratibu, na nikasikia swichi ikibonyea. Sauti ndogo tu. Ukikaa wewe sasa utafika chini kabisa kwa kishindo. Kiti hakikufai tena. Niliogopa nitakapolijua hilo nitakufa, na sikufa, nikarudi nyumbani nikapika.

Leo asubuhi Wafula alikuja, na shati lake lile lile. Vijana wakajipanga kwenye ua. Nikapanda, nikawasha, nikaachia breki, na mashine ikaenda. Nilishusha visu. Sikuona chochote isipokuwa nyasi za mbele yangu. Nilikuwa nimeshakata karibu nusu ya uwanja mpira ulipopita mbele, na mtoto nyuma yake.

Nilisimama. Sikuamua, miguu iliamua yenyewe, ikaniinua kitini huku mguu mmoja ukitafuta breki. Na mashine ikanyamaza.

Nilimwona Wafula ameanza kukimbia kuja kwangu, ameshika kichwa, anaita jina lako, siyo langu. Visu vilizunguka kidogo vikasimama. Yule mtoto aliokota mpira wake pale mbele ya sinia, akanitazama, akasema, "Pole, mathe," akaenda zake.

Wafula alifika anahema. Nilimwonyesha kiti, nikakibonyeza kwa mkono, nikakiachia. Akainama, akakibonyeza mwenyewe.

"Kwa hiyo siku ile," akasema, "alipoanguka..."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ilijua ametoka."

Alikaa chini kwenye nyasi, na shati jeupe, akalia kama ambavyo hakulia kaburini. Mimi sikuweza kukaa naye. Nilikuwa na nusu ya uwanja, na nilijua nikishuka sitapanda tena. Nikarudi kitini, nikawasha.

Wafula anarudi Bungoma kesho, peke yake. Mimi kesho nina uwanja wa shule, ule wenye mteremko upande wa choo, ambao hata wewe ulikuwa unausema vibaya. Naogopa sana. Wanaonisoma na wanaosubiri niseme hofu imekwisha watasubiri sana, haijaisha, imehamia tu kwenye mteremko.

Lala salama, mume wangu. Huko uliko, mashine ikinyamaza usiinuke. Ni mimi nimesimama.

Mkeo,
Mama Nekesa